Kuugomboa Wakati: Mwongozo kwa Mkristo wa Mombasa

Kazi yangu ni kugomboa mizigo bandarini Kilindini. Mteja ananiletea hati zake, nami nafuatilia ushuru, ukaguzi na vibali mpaka kasha litoke langoni. Kuna jambo moja ambalo wateja wapya huchelewa kulielewa. Mzigo ni wao, wameshaununua, na jina lao limo kwenye hati, lakini hawawezi kuutumia mpaka wameulipia ukatoka. Na kila siku kasha linapokaa pale kupita siku za bure, gharama inapanda. Nimeona watu wakichelewa mpaka gharama ya kuhifadhi ikazidi thamani ya bidhaa zilizomo.

Miaka mingi nilikuwa nikisoma Waefeso 5:15-16 kama mstari wa kuwahimiza vijana: "Basi angalieni sana jinsi mnavyoenenda, si kama watu wasio na hekima bali kama watu wenye hekima, mkiukomboa wakati kwa maana zama hizi ni za uovu." Siku moja, nikiwa na karatasi ya ushuru mkononi, ndipo nikasikia kwamba kukomboa na kugomboa ni neno lile lile. Hata Kigiriki alichoandika Paulo kimetoka sokoni, kwenye neno agora: ni kukinunua kitu kikatoka mikononi mwa aliyekishika. Na wakati anaousema hapo ni kairos, yaani majira, nafasi ambayo haiji kila saa.

Basi wakati wako ni mzigo wako, na Mungu ameshakuletea. Lakini umeshikiliwa mahali, na hautoki bure. Hilo ndilo ninalotaka kulisema hapa, na hatua zinazofuata ni za jinsi ya kulipa. Usidhani Paulo aliandika haya akiwa na nafasi tele. Waraka huo huo unasema alikuwa mfungwa, mjumbe katika minyororo. Mtu asiyekuwa na ruhusa hata ya kutoka nje ndiye anayetufundisha kukomboa wakati.

Nakuomba usizifanye hatua hizi zote kwa juma moja. Anza na ya kwanza, uimalize.

Hatua ya 1: Orodhesha mzigo wote

Hakuna anayegomboa kasha asilojua lina nini. Nunua daftari dogo linaloingia mfuko wa shati. Kuanzia Jumatatu asubuhi hadi Jumapili usiku, kila baada ya saa mbili au tatu, andika umefanya nini. Usijipambe. Ukilala mchana, andika umelala. Ukikaa barazani kuzungumza siasa tangu alasiri mpaka magharibi, andika hivyo hivyo.

Juma lina saa 168, kwa mwenye hoteli Nyali na kwa mbeba magunia wa Kongowea. Nilipofanya hesabu yangu mara ya kwanza ilikuwa hivi: kulala saa 47, kazi saa 54, njiani kati ya Likoni na mjini saa 14, kula, kuoga na shughuli za nyumbani saa 17, kanisa saa 7. Hizo ni 139. Zikabaki saa 29. Katika hizo, barazani saa 7, kuzungumza na mke wangu na watoto kwa utulivu saa 3, simu saa 19.

Nilikaa nikaitazama ile 19. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia mchungaji kwamba kazi ya bandari hainipi nafasi ya kusoma Neno.

Usiruke hatua hii kwa kudhani unajua tayari. Kila mtu niliyemshauri aijaribu alikuta nambari asiyoitarajia. Musa anaomba katika Zaburi 90:12, "Basi, utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima." Katika zaburi hiyo hiyo ametaja miaka sabini. Ukiipigia hesabu ni siku elfu ishirini na tano na ushei. Mwenye miaka 40 ameshatumia zaidi ya 14,600. Iandike hesabu yako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa mkono wako.

Hatua ya 2: Mtambue anayekushikilia

Juma likiisha, pitia daftari na kalamu nyekundu. Zungushia duara saa ambazo ukiulizwa mbele za Mungu zilikwenda wapi huna jibu.

Wengi watakuta simu. Simu ina faida zake: kwayo tunatuma pesa, tunapata habari za nyumbani, mama anaona sura ya mjukuu aliyezaliwa Nairobi. Ubaya wake ni kwamba haina mwisho. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho, kahawa ina tone la mwisho kikombeni, lakini video zinafuatana mpaka macho yaume.

Hapa nimesaidiwa na kengele ya Kengeleni. Ukipita kwenye makutano yale Kisauni utauona mnara wake, na watu wengi hupita pale kila siku bila kuutazama. Frere Town ilianzishwa na wamishonari wa Kianglikana miaka ya 1870, baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini, ili watu waliokombolewa wapate makazi. Kengele ile ilikuwa ya kuwatahadharisha wakiona hatari ya wakamata watumwa inakuja. Nimelitafakari sana jambo hilo. Watu wale walikuwa huru tayari, na bado walihitaji kengele, kwa sababu waliowashika zamani walijua njia ya kurudi.

Basi nawe weka kengele yako. Yangu hulia saa tatu usiku. Ikilia, simu inakwenda kwenye rafu ya jikoni kuchajiwa, mbali na kitanda, na hairudi mkononi mpaka nimeomba asubuhi. Siku kumi za kwanza ni ngumu, mkono unaitafuta wenyewe. Zima pia milio ya makundi yote ya WhatsApp isipokuwa ya familia na kazi. Picha za harusi utaziona kesho.

Kuna mshikaji mwingine ambaye daftari halimwoni, naye ni kinyongo. Unaosha vyombo huku unamjibu wifi yako moyoni. Unapanda matatu, unashuka, hujui umepita wapi, kwa sababu ulikuwa unarudia maneno aliyokwambia mtu mwaka juzi. Kwa maoni yangu kinyongo kinakula saa nyingi kuliko simu, maana hakiishi bando. Waefeso 4:26 inakiwekea mpaka wa muda kabisa: jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Kama kuna mtu unayezungumza naye kichwani kila siku, hesabu siku hizo, kisha umwendee au umsamehe mbele za Mungu. Utashangaa ni saa ngapi zitarudi nyumbani.

Hatua ya 3: Nunua alfajiri jioni yake

Mswahili wa zamani huanza kuhesabu siku jua likitua. Usiku wa kuamkia Jumatatu kwake ni usiku wa Jumatatu. Na Mwanzo 1 inahesabu vivyo hivyo: "Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja." Tukiirudia hesabu hiyo, tutaacha kuiona jioni kama makombo ya siku iliyokwisha. Jioni ndiyo mlango wa siku mpya.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi huapa kuamka mapema kuomba, wanashindwa, wanajiona hawana imani. Tatizo si imani, ni kwamba walikwenda kulala saa sita usiku. Alfajiri inalipiwa usiku wake. Kwa hiyo:

Ukisikia ile kengele ya saa tatu, panga nguo za kesho, jaza maji, andika daftarini mambo matatu tu ya kesho, na moja katika hayo liwe lile unaloliogopa. Omba na watoto, hata kama ni dakika tano. Saa nne uwe kitandani. Hapo ukiamka saa kumi na moja umepata saa saba za usingizi, na mwili hautakudai.

Jirani zetu Waislamu wanatusaidia bila kujua. Adhana ya alfajiri inasikika mtaani kwetu kabla jua halijatoka, nami siku hizi sihitaji saa ya kuniamsha. Wao wanaamka kumwomba Mungu kukiwa bado giza. Hakuna sababu mimi nigeuke upande wa pili. Bwana wetu mwenyewe, Marko 1:35, aliondoka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipo na watu kuomba, na ile ilikuwa asubuhi iliyofuata jioni ambayo mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni na wagonjwa wao. Alikuwa na kila sababu ya kulala.

Kwa kusoma, usitafute mpango mgumu. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma 52, unalimaliza kwa mwaka bila kuzidi wala kupungua. Mithali ina sura 31, soma inayolingana na tarehe ya leo. Ukikosa siku tatu, soma ya leo usonge mbele. Usijaribu kulipa deni la sura, utachoka uache vyote.

Hatua ya 4: Okota vipande

Feri ya Likoni kwa mwenye miguu ni bure, na maji yenyewe ni ya kuvuka kwa dakika chache. Kinachokula muda ni kungoja. Unasimama pale kwenye umati, jua kali, huyu anakukanyaga na mkoba, yule anauza maji baridi. Zamani nilihesabu muda ule kama umekufa. Sasa nina karatasi ndogo mfukoni yenye mstari mmoja wa Biblia, nauhifadhi mpaka lango lifunguliwe, nikiwa ndani ya feri naombea watu watano kwa majina. Dakika ishirini kwa siku, mwaka mzima, ni zaidi ya saa 120. Bandu bandu humaliza gogo, na hapa gogo ni uvivu wangu.

Nina mama jirani anayeuza mahamri. Unga anaukanda usiku kwa tui la nazi na iliki, anaufunika, na saa kumi usiku yuko jikoni anasukuma na kukata pembe tatu. Hajui kusoma vizuri. Mjukuu wake wa darasa la sita anaamka naye, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na taa, anamsomea sura moja huku mafuta yanapata moto. Nilimuuliza kama haimchanganyi kazi. Akanijibu, "Mwanangu, mikono ndiyo inayosukuma. Masikio yana kazi gani?" Mpaka sasa wameshamaliza Injili zote nne, na mtoto yule anasoma Kiswahili vizuri kuliko wenzake wote mtaani.

Paulo naye aliokota vipande. Matendo 19 inasema alifundisha kila siku kule Efeso katika darasa la Tirano kwa miaka miwili, na baadhi ya nakala za kale zinaongeza kwamba ilikuwa kuanzia saa ya tano hadi saa ya kumi. Sisi hatuhitaji kuelezwa hizo ni saa gani, maana Biblia inahesabu saa za mchana kama Mswahili, kuanzia mapambazuko. Ni zile za joto, ambapo hapa petu maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa watu wakapumzike. Efeso nao ulikuwa mji wa bandari. Nafikiri ukumbi ulikuwa wazi kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka wakati ule.

Neno moja la tahadhari. Usijaze kila dakika. Anayefungua vipokea sauti kwa mahubiri kuanzia asubuhi hadi usiku hapati nafasi ya kusikia watu wa nyumbani mwake. Acha vipande vingine vitupu, utazame bahari.

Hatua ya 5: Ndiyo iwe ndiyo, na ufike kwa wakati

Tunapenda kusema haraka haraka haina baraka, na ni kweli kwenye pilau na kwenye ndoa. Lakini tumeifanya kinga ya kuchelewa. Mkutano wa kikundi umetangazwa saa nane mchana, unaanza saa tisa na nusu. Kama waliofika mapema ni watu ishirini, zimepotea saa 30 za watoto wa Mungu. Hatungekubali mtu achukue shilingi moja kwenye sahani ya sadaka, lakini saa 30 tunazichukua tukicheka. Ukiwa kiongozi, anza kwa wakati hata mkiwa watatu. Baada ya mwezi watakuja.

Kisha kuna kukataa. Mombasa hatukatai, tunasema "nitajaribu" tukijua hatutafika, na yule mwenzako anakupikia. Yesu alisema maneno yetu yawe ndiyo, ndiyo, siyo, siyo. Unaweza kukataa kwa adabu zote: "Shemeji, nashukuru umenikumbuka. Jumamosi hiyo nimewaahidi watoto. Nitakuja Jumapili jioni kukupa hongera." Taja siku utakayokwenda, uende. Kamati za harusi na matanga zinahitaji watu, na kuzikimbia zote ni kujitenga na wafiwa. Ila huwezi kuwa katika tano kwa wakati mmoja. Chagua moja, uitumikie vizuri.

Unapoahidi, sema "Bwana akipenda" ukiwa unamaanisha. Yakobo 4:15 ilitupa maneno hayo ili tukumbuke kwamba kesho si mali yetu. Hakuyatoa yawe njia ya kupitia ukitaka kukwepa.

Hatua ya 6: Siku moja iache

"Siku sita fanya kazi, utende mambo yako yote." Amri hiyo ina sehemu mbili, na ya kwanza ni kufanya kazi kweli kweli, ili ya saba uweze kuiacha bila dhamiri kukusumbua. Kwa wengi wetu Jumapili imekuwa ibada, kisha kamati, kisha mazoezi ya kwaya, kisha mkutano wa chama, tunarudi nyumbani usiku tumechoka kuliko Jumamosi. Nawasihi wachungaji wetu walitazame hili. Wewe kwa upande wako linda kuanzia saa nane mchana. Wapeleke watoto Mama Ngina wakatazame meli zikiingia. Kule, simu ibaki mfukoni.

Anayefanya kazi hotelini au hospitalini kwa zamu, chagua siku nyingine na uwajulishe watu wa nyumbani ni ipi.

Hatua ya 7: Jua bamvua

Mvuvi wa pweza haangalii saa ya mkononi. Anaangalia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bamvua linaingia, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, mwamba unabaki wazi hadi mbali, naye anatembea kwa miguu mpaka palipo na mashimo. Ana saa chache, kisha maji yanarudi. Akichelewa, kesho kupwa kutakuwa karibu saa nzima baadaye, na siku chache mbele ni maji mafu, mwamba hauonekani vizuri tena.

Hiyo ndiyo kairos, na hapa daftari langu lilinishinda. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikivuka kila asubuhi na kijana mmoja fundi wa mabati. Tulizoeana kwa salamu. Asubuhi moja, feri ikiwa katikati ya maji, akaniinamia akasema, "Kaka, mtu ambaye hajakuomba msamaha, unaweza kumsamehe?" Nilikuwa nahifadhi mstari wangu. Nikamwambia ni swali zuri, tuliongee vizuri kesho. Feri ikagonga, umati ukasukumana kupanda, tukapotezana. Kesho yake hakuwepo, wala kesho kutwa. Sijui kazi ilimpeleka wapi.

Kwa hiyo hatua ya mwisho ni ya kuacha nafasi. Katika mambo matatu unayoandika jioni, acha mstari wa nne mtupu. Omba asubuhi, "Bwana, mstari huu ni wako." Kisha siku ikikuletea mtu mwenye swali, mgonjwa, au mtoto anayetaka kukuonyesha kitu, simama. Wakolosai 4:5 inatutaka tuenende kwa hekima mbele yao walio nje, tukiukomboa wakati, na katika mji kama wetu wa dini nyingi, aliye nje ni yule mliyebanana naye kwenye feri. Usimhubirie kwa kipaza sauti. Mjibu alichouliza.

Bado navuka feri ya saa kumi na mbili na nusu, upande wa kushoto karibu na ukuta wa chuma, pale tulipokuwa tukisimama. Jibu lake nimeliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari.